Mabula si jina la ukafiri

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, Ijumaa ya leo nataka kusema jambo ambalo najua halitawafurahisha baadhi ya masheikh wenzangu. Ni juu ya majina ya watoto wetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye akika katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Baba wa mtoto alikuwa amesilimu akiwa kijana, lakini baba yake mzazi, mzee wa Kisukuma, hakuwa Muislamu. Mzee yule alikuja na mbuzi wake mwenyewe, akakaa nasi mkekani, akasubiri kwa adabu hadi dua ilipokwisha. Kisha akaomba mjukuu wake aitwe Mabula, kwa kuwa alizaliwa usiku ambao mvua ilinyesha baada ya wakulima kuikatia tamaa pamba yao. Ustaadhi kijana aliyesimamia shughuli akamjibu mbele ya watu kwamba hilo ni jina la kikafiri. Mzee hakusema neno. Alichukua fimbo yake, akaondoka bila kuonja chakula. Mimi nilikuwa nimeketi karibu kabisa, nami sikufungua kinywa. Kimya changu siku ile kilikuwa kosa, na leo nataka kusema nilichopaswa kukisema pale mkekani.

Mabula maana yake nini? Mbula kwa Kisukuma ni mvua. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 28, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba Yeye ndiye anayeiteremsha mvua baada ya watu kukata tamaa, na akaieneza rehema yake. Mzee yule ambaye hakupata kusoma Qur'ani alimwombea mjukuu wake jina lenye maana hiyo hiyo. Sisi tuliosoma tukamfukuza.

Tuirejee Sunna. Umar, Uthman, Hamza na Bibi Khadija (Radhi za Allah ziwe juu yao) walipewa majina yao kabla ya Uislamu, na waliposilimu hawakuambiwa wayaache. Mtume (S.A.W) alibadilisha majina ya baadhi ya watu, lakini tuangalie ni majina gani. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba binti aliyeitwa 'Asiya, kwa herufi ya 'ain na sad, maana yake muasi, alimwita Jamila. (Mama zetu wanaoitwa Asia wasiingiwe na hofu: jina la mke wa Firauni, yule mwanamke mwema, huandikwa kwa alifu na sin, nalo ni jina jingine kabisa.) Aliyeitwa Barra, yaani mwema, alimwita Zainab, ili asijitakase mwenyewe. Majina yote haya yaliyobadilishwa yalikuwa ya Kiarabu! Kilichokataliwa ni maana yake, wala si lugha yake.

Na alipofariki Najashi, mfalme wa Uhabeshi, Mtume (S.A.W) aliwaambia maswahaba wasimame wamsalie ndugu yao Ashama, kama ilivyo katika Sahih Bukhari. Ashama lilikuwa jina lake la Kihabeshi. Mwafrika huyu alisaliwa na Mtume wa Mwenyezi Mungu na kuitwa ndugu kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Kwa hiyo mimi nasema wazi: Mabula, Limi, Kulwa na Doto kwa mapacha, na Shija kwa anayewafuata mapacha, ni majina ambayo Muislamu wa Bariadi, Maswa au Meatu anaweza kuitwa bila dhambi yoyote. Sikatai kwamba yapo majina bora zaidi. Hadithi sahihi imetufundisha kwamba majina yapendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdulrahman. Lakini aliyeacha lililo bora akachukua lililo halali hajatoka katika dini. Linaloharamishwa ni jina lenye kumfanya mtoto kuwa mtumwa wa asiyekuwa Mungu, awe mzimu au mtu, na linalochukiza ni lile lenye maana mbaya.

Hapo pana jambo la kusikitisha. Wale wale wanaoikimbia Mabula wana watoto wanaoitwa Shida, Tabu, Mateso na Mashaka, na hakuna anayeuliza. Said bin al-Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisimulia kwamba babu yake aliitwa Hazn, yaani ugumu. Mtume (S.A.W) alitaka kumwita Sahl, yaani wepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Said akasema ugumu ule haukuwatoka katika ukoo wao. Mtoto asibebeshwe matatizo ya ndoa ya wazazi wake hadi kaburini.

Kosa jingine ni la baadhi ya ndugu waliosilimu wanaofuta hata jina la baba. Qur'ani, katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watu waitwe kwa baba zao. Ikrima alisilimu na kuwa swahaba mtukufu, akabaki kuwa mwana wa Abu Jahl, adui mkubwa wa Uislamu. Aliyezaliwa na Masunga na abaki kuwa mwana wa Masunga.

Sasa nije kwenye maandishi. Kisukuma hakina sauti ya r, ndiyo maana wazee wetu husema Lehema na Lamadhani. Sioni aibu yoyote katika ulimi huo, kama nisivyoona aibu kwa Uthman kugeuka Athumani na Khamis kuwa Hamisi. Mwenyezi Mungu ametaja tofauti za ndimi zetu kuwa miongoni mwa ishara zake. Lakini karatasi ni jambo jingine. Karani huandika anachokisikia. Kadi ya kliniki ikisema Lehema, cheti cha kuzaliwa kikasema Rehema na shule ikaandika Rahma, ipo siku binti huyo atafika kudai mirathi ya baba yake na kuambiwa athibitishe kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Nimewaona yatima wakihangaika na hati za viapo kwa sababu ya herufi moja. Baba, andika jina la mwanao kwenye kipande cha karatasi kabla ya kwenda kulisajili, na usome kilichoandikwa kabla ya kuondoka dirishani.

Ama majina ya utani, wako wanaokemea kila ufupisho. Mimi sioni ubaya wa Dija kwa Khadija au Rama kwa Ramadhani, maadamu mwenyewe anaridhika. Mtume (S.A.W) mwenyewe alimfupishia Bibi Aisha jina lake kwa mapenzi, akamwita Aish. Ila aitwaye Abdulrahman tusimwite Rahman peke yake, kwani jina hilo ni la Mola wetu.

Haramu isiyo na shaka ni lakabu ya kumdhalilisha mtu, nayo imekatazwa katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11. Kanda yetu ya Ziwa inajua gharama yake. Kabla ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotutia aibu mbele ya dunia tangu miaka ya 2006 na 2007, tulikuwa tumekwisha kuwaita ndugu hao kwa majina yasiyo ya kibinadamu. Watoto wakasikia, wakakua nayo. Ulimi ulizoea kumwona mtu kuwa kitu kabla mkono haujanyanyua panga.

Ndugu Muislamu, siku ya saba ya mwanao mwite babu yake, awe Muislamu au asiwe. Msikilize. Likiwa jina lake lina maana njema, lipokee, hata kama utaliweka pamoja na la Mtume au swahaba. Likiwa na ubaya, mweleze kwa upole, faraghani, wala usimkane mbele ya wageni. Huenda heshima hiyo ndiyo da'awa pekee itakayomfikia.

Mzee yule wa Itilima amekwishafariki. Mjukuu wake anasoma madrasa, na kwenye daftari lake pameandikwa Yusufu. Bibi yake humwita Mabula wanapokuwa wawili tu, na husita anapomwona mtu mwenye kanzu akija. Jina la rehema ya Mwenyezi Mungu halikustahili kufichwa hivyo, na wenye kanzu ndio tuliomfunza bibi huyo hofu.

Wabillahi tawfiq.