MATARUMBETA BARIADI: DOGO HAKUROGA MTU, NI MAFUTA YA KUPIKIA!

Bariadi ina bosi mmoja wa matarumbeta, jina kapuni, ambaye pamba ikishauzwa na pesa zikaanza kutembea mitaani, simu yake hailali. Sendofu Somanda, harusi Dutwa, kipaimara Maswa, zote zake. Kirikuu inatangulia mbele ya gari la bibi harusi, vijana wamejazana nyuma, ngoma kubwa inadunda, na akinamama wa njiani wanatua ndoo zao chini wacheze kidogo. Mtu akisema shughuli yake ilifana, swali la kwanza ni kama huyo bwana alikuwepo.

Sasa hivi mjini anasemwa kwa jambo jingine, na jambo lenyewe limemwangukia mtu asiyehusika.

Ilikuwa Jumamosi, msafara umeingia ukumbini, mshereheshaji kapaza sauti, bibi harusi kashuka, na bosi kama kawaida yake kajitokeza mbele kupuliza mwenyewe. Hakumaliza hata ubeti wa kwanza. Kibonyezo cha katikati kilienda chini, hakikurudi. Wanaojua tarumbeta wanajua balaa lake: noti zinazokitaka kibonyezo hicho zinatoka sawa, ila zisizokitaka zote zinashuka nusu sauti. Yaani wimbo haukatiki, unapinda. Tarumbeta la pili liko kwenye wimbo, la bosi liko bondeni, na bosi mwenyewe anazidi kupuliza kwa nguvu akidhani pumzi itasaidia. Watu walicheka mpaka meza kuu. Video ilizunguka WhatsApp kabla wali haujapakuliwa.

Mtu mwingine angelitazama tarumbeta. Bosi alitazama watu. Dogo anayepuliza tarumbeta la pili wiki hiyo alikuwa ameonekana stendi akinywa chai na vijana wa kundi pinzani. Basi, kesi ikawa imeisha.

"Dogo, umeniuza," bosi alimwambia pale pale nyuma ya ukumbi. "Wamekupa nini uniwekee?"

"Kaka, tarumbeta lako mimi nalibebaga tu. Silifunguagi."

Dogo alishushwa kwenye kirikuu usiku ule ule, malipo yake yakabaki, akarudi nyumbani kwa miguu na sare begani. Kama maneno yangeishia hapo, ingekuwa habari ya kawaida ya kundi kugombana. Hayakuishia hapo. Kufikia Jumatatu swali lilishabadilika: kijana mdogo vile dawa ameitoa wapi? Na jibu la mtaani likamkuta mama yake, anayeuza dagaa sokoni. Wateja wake wa miaka yote wakaanza kupita meza yake kana kwamba haipo.

Hapa ndipo mzaha unapokoma. Kanda hii inajua neno hilo linaweza kufika wapi likishatamkwa juu ya mama mtu mzima. Usukuma umezika vikongwe waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko la miaka arobaini. Kwa hiyo mtu mzima, bosi mwenye sauti mjini, hawezi kutamka neno "dawa" mbele ya umati halafu akaenda kulala. Ana wajibu wa kwanza kufungua tarumbeta lake.

Na lilifunguliwa, tena si na yeye. Siku tatu baadaye lilipelekwa kwa fundi pikipiki mmoja nyuma ya stendi, kwa sababu kibonyezo kilikuwa bado kimenasa. Fundi pikipiki anajua pistoni, na ndani ya tarumbeta kuna pistoni tatu, kila moja inapanda na kushuka ndani ya silinda yake juu ya springi. Alifungua kifuniko, akavuta, ikagoma. Akavuta tena. Ilitoka na sauti ya kubanduka, imepakwa ute wa kahawia unaonata, kama ule unaoganda shingoni mwa dumu la mafuta jikoni. Kijana mmoja wa kundi akacheka, akasema lililokuwa linajulikana siku zote: oili ya cherehani iliisha kabla ya Saba Saba, na tangu hapo tarumbeta la bosi linatiwa mafuta ya pamba, yale ya kukaangia. Anayeyatia ni bosi mwenyewe, maana haruhusu mtu alifungue. Bosi alikuwepo. Akanyamaza, akalipa, akaondoka.

Kunyamaza huko ndiko kunakoudhi, maana jibu la kisa chote lilikuwa mkononi mwa fundi.

Simiyu ni nchi ya pamba, mafuta yake ni mazuri, wali unanukia. Ila mafuta ya pamba, na ya alizeti pia, yana tabia moja: yakikaa kwenye hewa na joto kwa muda, hayabaki mafuta. Yanakamata hewa, yanakuwa mazito, mwisho yanakuwa gundi. Mama yeyote anayesugua sufuria lililoachwa na mafuta kabatini anaijua gundi hiyo; sabuni ya kawaida haiiwezi. Sasa nafasi kati ya pistoni na silinda yake ni nyembamba kuliko unywele. Utando kidogo tu pale, springi haina ubavu wa kuinyanyua pistoni. Wiki ya kwanza kitu kinateleza vizuri hata mtu anajisifu kagundua. Wiki ya tatu kinakuwa kizito. Halafu inakuja Jumamosi ya watu mia nne.

Oili ya cherehani ni afadhali, haigandi haraka hivyo, lakini ni nzito kwa kazi hii. Pistoni inashuka kwa kujivuta, na mpulizaji wa nyimbo za mbio anajikuta vidole viko mbele, sauti iko nyuma. Oili ya injini ndiyo usiseme, ile ilitengenezewa moto wa bodaboda, si vidole vya mtu. Grisi mahali pake si kwenye pistoni kabisa. Inakaa kwenye mirija ya kuvuta, ile ya kurekebishia sauti, na hapo hata Vaseline ya kawaida inafaa.

Wengi watashangaa kuhusu mafuta ya taa. Wapulizaji wa zamani walioyatumia hawakuwa wajinga. Mafuta halisi ya pistoni, yale ya asili, yanatoka ukoo ule ule wa mafuta ya petroli, ila yamesafishwa zaidi, yametolewa harufu, na yameachwa na ulaini wa kukaa kwenye chuma. Mafuta ya taa ya kibatari yanateleza kweli, tatizo ni kwamba yanakauka upesi na kuiacha pistoni kavu inasagana na silinda, chuma kwa chuma, huku mpulizaji akivuta harufu yake kila anapojaza pumzi. Kwa dharura ya kunasua pistoni iliyoganda fundi anaweza kuyatumia kuoshea, kisha yafutwe yote. Kuyafanya ndiyo mafuta ya kila siku ni kulila tarumbeta polepole.

Kinachotakiwa ni kichupa kidogo cha mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Yapo ya petroli na yapo ya sintetiki. Ya petroli yanakauka mapema na yanataka kuongezwa mara kwa mara, ya sintetiki yanakaa muda mrefu zaidi. Mabaya ni kuyachanganya, leo haya kesho yale, maana aina nyingine zikikutana zinafanya utelezi. Anayebadilisha aoshe kwanza.

Lakini swali ambalo hata makundi yanayonunua mafuta sahihi hawajiulizi ni la uzito. Kampuni ya Yamaha, kwa mfano, inauza aina tatu: Light, Regular na Vintage, yaani jepesi, la kati na la vyombo vikuukuu. Jepesi ni kwa tarumbeta jipya ambalo pistoni zake zimebana. Zito ni kwa lililopulizwa miaka na miaka, ambalo nafasi kati ya pistoni na silinda imepanuka na hewa inavujia pembeni. Mafuta mazito kidogo yanaziba ule upenyo. Na matarumbeta ya makundi mengi ya Kanda ya Ziwa si mapya. Ni ya mtumba, au yalitoka kanisani, kwa bendi fulani, yameshapita mikono mitano. Mtu anatia mafuta mepesi kwa sababu chupa imeandikwa jina kubwa, halafu analalamika anapuliza sana na sauti haitoki. Kwenye joto la Bariadi mafuta yanazidi kuwa mepesi, hasara juu ya hasara.

Kipimo chake hakina gharama. Mpulizaji avute kidogo mrija wa kibonyezo cha kwanza bila kukibonyeza, ahesabu moja mpaka tatu, kisha abonyeze. Ukisikika mlio wa kufyatuka kama kifuniko cha soda, bado limebana, la kati linatosha. Pakiwa kimya, limechoka, lipewe zito.

Kutia kwenyewe ni dakika tano. Pistoni itolewe moja, ifutwe na kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi (hapo ndipo pamba ya Simiyu inapotakiwa kwenye tarumbeta), itiwe matone matatu au manne, irudishwe, ndipo ifuate nyingine. Zina namba, 1, 2, 3, na kila moja ina silinda yake na upande wake. Ikigeuzwa, matundu hayakutani na tarumbeta linakuwa bomba lililoziba. Wapo waliowahi kudhani hilo nalo ni dawa.

Halafu kuna vumbi. Barabara ya Lamadi ni lami, ya Maswa ni lami, lakini harusi nyingi ziko ndani, Itilima huko, Meatu huko, mwezi wa nane, na vijana wanapuliza wamesimama nyuma ya kirikuu. Kundi linalotegemea kupitisha msimu kwa kutia mafuta mara moja kwa mwezi linajidanganya. Na soda! Mpulizaji anakunywa soda mbili ukumbini, anafuta mdomo, anapuliza. Sukari yote inaingia ndani na mate. Maji ya kunywa yapo, yanatolewa bure.

Watetezi wa bosi wana hoja yao, na haifai kudharauliwa. Wanasema huku ndiko kwa Bagika na Bagalu, ngoma za mashindano ambazo mshindi ni aliyevuta watu upande wake, na simulizi za dawa za kuvuta watu ni za tangu mababu. Kwa nini matarumbeta yawe salama? Ushindani wa makundi ya kupuliza nao si wa jana. Enzi za beni, Marini na Arinoti walishindana kwa sare, kwa vyeo na kwa maneno makali katika miji mingi ya Tanganyika. Sawa. Mtu akiamini kwamba mwenzake ana dawa ya kujaza uwanja, hiyo ni imani yake. Lakini hapa hakuna aliyeondoka kumfuata mpinzani, wageni walibaki wote, tena wanacheka. Kilichotokea ni chuma kuganda, na kilichogandisha kimeonekana kwa macho, kimeguswa, kimenuka jikoni.

Wengine wanasema mafuta hayo hayapatikani Bariadi. Ni kweli si ya kukutwa kila duka. Lakini bosi huyo huyo aliagiza sare za vijana wake kutoka Mwanza zikaja kwa basi, na kofia zenye manyoya zikafuata. Kichupa cha mililita 60 hakina uzito wa kumshinda kondakta.

Dogo, inasemekana, ameshafuatwa na kundi pinzani mara mbili. Amekataa mara zote, maana akienda, mji utasema si ndo hayo tuliyosema. Yuko nyumbani. Jumamosi hii kuna harusi nyingine, kirikuu itaondoka mchana na nafasi ya tarumbeta la pili bado iko wazi, tarumbeta la bosi linapanda na kushuka vizuri tangu lioshwe. Wala hapahitajiki kikao cha wazee. Njia ya kwenda kwa dogo inapita sokoni. Bosi asimame kwenye meza ya yule mama saa nne asubuhi, watu wakiwa wengi, atoe shikamoo kwa sauti ile ile aliyomfukuzia mwanaye, anunue dagaa, na aseme mbele yao ni mafuta gani aliyatia na nani aliyatia.