Gari la Paa la Turubai Haliuawi na Mvua

Kila mwaka masika yanapoingia, hapa Mombasa huzuka mtindo ambao mimi binafsi naona wafaa kukomeshwa. Mwenye gari la paa la turubai, lile la kukunjwa na kukunjuliwa, akiona wingu limetanda upande wa bahari, hukimbilia dukani akanunua nailoni, akaligubika gari lake juu hadi chini, akalikaza kwa kamba, kisha akaingia ndani kulala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu. Wasomaji, sisemi haya kwa kuwacheka wenzangu. Nimewahi kuyafanya mimi mwenyewe, na yalinigharimu.

Marehemu baba yetu alituachia gari la Morris Minor la aina hiyo. Magari hayo yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na yale ya paa la turubai yakaachwa kutengenezwa 1969. Nyumba yetu, kama nyingi za Mji wa Kale, haina banda la gari wala ua wa kulitosha, hivyo basi lilikuwa likilala nje, mvua yake na jua lake. Baba akiwa hai halikuoza. Alipofariki, sisi wanawe tukashindwa kuafikiana. Mmoja alitaka libakie nyumbani, mwengine alitaka liuzwe kama vyuma. Huku tukivutana, masika yakaingia. Tulilokubaliana ni moja tu: lifunikwe nailoni.

Miezi miwili baadaye tulipolifunua, harufu ilitupokea kabla mlango haujafunguka. Ukungu mweusi umeenea ndani ya turubai, viti vimeota koga, zulia limelowa chapachapa, na chini yake sakafu imeliwa na kutu hata kidole kikapita. Mama akachoma udi, akafukiza na ubani. Lakini wahenga walikwisha sema, la kuvunda halina ubani.

Tukamwita fundi mmoja mzee, mshonaji wa maturubai. Alilizunguka gari mara moja, akalipapasa, akasema: "Wanangu, hili hamkulifunika. Mlilivika sanda."

Maneno yale yaliniingia. Mvua hunyesha ikapita. Kinachoua ni unyevu uliofungiwa. Nailoni huzuia maji yasiingie, lakini huzuia pia yaliyomo yasitoke. Jua likipiga, unyevu wa viti na zulia, pamoja na ule unaopanda kutoka ardhini, hugeuka mvuke. Usiku ukipoa, mvuke ule hurudi kuwa maji na kutona pale pale ulipotoka. Mali ya mirathi ni amana mpaka igawanywe, nasi tuliizika amana hiyo huku tukiigombea.

Hapo nikakumbuka aliyokuwa akiyafanya baba, mambo ambayo sisi tulidhani ni mazoea ya mzee asiye na shughuli. Mvua ikipusa, alifungua milango yote miwili, akainua zulia akalianika. Turubai likiwa na maji hakulikunja kamwe. Hakuliegesha gari chini ya mwembe wala mwarobaini, kwani majani huoza juu ya kitambaa na kinyesi cha ndege hukila. Alilisugua turubai kwa brashi laini na sabuni kidogo, na vijana wenye mashine za maji ya nguvu hawakulikaribia. Kisha kila mwaka, kabla ya masika, alikagua mshono baada ya mshono. Alijua kwamba nyuzi huozeshwa na jua la kaskazi, na mvua ya masika hupenya tu pale jua lilipokwisha kutoboa.

Alijifunza wapi hayo? Babake alikuwa baharia. Tanga la jahazi halikunjwi likawekwa na maji yake, huanikwa kwanza. Na jahazi likipandishwa pwani wakati wa kusi kali, halikuachwa kukaa tu. Lilikaguliwa ubao kwa ubao, likatiwa kalafati ya pamba, likapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Watu wa pwani hii walikijua kitambaa, maji na chumvi kabla gari la kwanza halijateremshwa Kilindini. Elimu hiyo haikupotea. Ni sisi tuliyoiacha. Wala si kwa magari tu. Nyumba zetu za matumbawe na chokaa twazipiga plasta ya saruji tukidhani twazikinga, kumbe twaufungia unyevu ndani ya kuta.

Yuko atakayeniambia: gari la turubai ni la watalii na maharusi, liuze ununue la paa la bati utulie. Sikatai kwamba la bati lina nafuu. Lakini bati nalo huota kutu, na mtu anayeacha maji yakae zuliani atalizika hilo pia. Naye mwenye gari la turubai la zama za karibu, kama Mazda MX-5 lililotoka 1989, ajue kwamba maji ya paani huteremshwa kwa vipitio vilivyo nyuma ya viti. Vikiziba kwa taka, maji huingia ndani au hukaa kwenye vizingiti vya milango yakala chuma. Hakuna nailoni itakayomzibulia. Anayetaka kufunika, na afunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na kila siku ya jua akifunue.

Gari letu lilichomelewa sakafu mpya na turubai likashonwa upya, kwa fedha zilizozidi zile tulizokuwa tukizigombea. Halikuuzwa. Hadi leo hulala nje vilevile, bila nailoni. Na mvua ikipusa, yule ndugu yetu aliyetaka liuzwe kama vyuma ndiye hutoka kwanza kwenda kufungua milango.