Mlevi aliyetufunza adabu

Mwezi wa Juni 2025, katika tamasha la filamu la Shanghai, ilitangazwa habari ambayo wengi wetu huku Pwani hatukuitilia maanani. Wenye mambo yao ya filamu nchini China walisema kwamba filamu mia moja za kale za kung fu zitapitishwa katika mitambo ya akili bandia, zing'arishwe picha na zitengenezwe sauti, ili ziwavute vijana wa leo. Miongoni mwa zilizotajwa ni Drunken Master, yaani Bingwa Mlevi, iliyotoka Hong Kong mwaka 1978.

Nilipoisoma habari hiyo nilimwomba mwanangu anitafutie filamu yenyewe. Tukaketi sebuleni baada ya swala ya isha, tukaitazama mwanzo hadi mwisho. Nami, msomaji mpenzi, nataka nikueleze niliyoyaona, kwani siyo yale niliyoyaona utotoni.

Zama zile sisi wanafunzi wa chuoni tulitoka sinema tukipepesuka njia nzima, tukijifanya walevi ilhali hakuna aliyewahi kuonja hata tone. Habari zikamfikia Maalim. Kesho yake alitupanga safu, akauliza: "Hamkupata wa kumuiga ila mlevi?" Tukainamisha vichwa.

Katika suala la ulevi, Maalim alisema kweli na ukweli haukuchakaa. Filamu inacheka pale ambapo hapana cha kuchekesha. Mzee So, yule mwalimu mlevi, mikono humtetema asipokunywa, na akibadilishiwa chupa akatiliwa maji hupigwa kama mtoto. Huyo ni mtumwa wa chupa, hata akiwa bingwa. Hata katika filamu ya pili, iliyotoka mwaka 1994, baba anaonekana akimkanya mwanawe asiuendekeze mchezo huo wa kilevi. Hilo kwetu halina mjadala.

Lakini lipo jingine ambalo Maalim hakulijua, kwa kuwa yeye sinema hakuingia. Steringi wa filamu ile ni Wong Fei-hung, na mtu huyo alikuwako kweli. Alikuwa tabibu na mwalimu wa ngumi huko Guangdong, kusini mwa China, akafariki katika miaka ya 1920. Tangu 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alimwigiza katika makumi ya filamu, naye humo ni mtu mzima mwenye haiba, mpole wa maneno, mfano wa wema. Basi mwaka 1978 mwongozaji Yuen Woo-ping akaipindua heshima hiyo: akamfanya Wong kuwa kijana mtundu, mvivu, mwenye majivuno, asiyemjali mkubwa wala mdogo. Nafasi hiyo akapewa Jackie Chan.

Jackie naye alikuwa na shida zake. Bruce Lee alikuwa amefariki Julai 1973, na matajiri wa filamu walikuwa wakimtafuta wa kuvaa viatu vyake. Walimlazimisha Jackie akunje uso kama marehemu, na filamu zikaanguka moja baada ya nyingine. Alipata nafuu alipoachiliwa awe yeye mwenyewe, mtu anayepigwa akaona uchungu na kukimbia akiogopa. Na Mzee So aliigizwa na Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji, mkongwe aliyefariki Januari 1979, miezi michache baada ya filamu kutoka.

Hadithi yenyewe ni ya adabu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na baba wa kijana huyu, alipochoka, alimkabidhi kwa Mzee So. Mafunzo ni ya mateso. Kijana hutundikwa kichwa chini, ajikunje kuteka maji kwa vikombe vidogo na kuyapeleka juu, mpaka pipa lijae. Akatoroka. Huko njiani akakutana na muuaji wa kukodiwa, akapigwa na kudhalilishwa, akarudi kwa mwalimu wake kwa miguu yake mwenyewe.

Mafunzo yana milango minane. Kijana alijifunza saba. Wa nane akaupuuza, kwa kuwa ni wa miondoko ya kike na yeye aliona haya. Siku muuaji yule alipokuja kumuua baba yake, zile saba hazikutosha. Mwalimu akamwambia atumie ya nane, naye hapo ndipo alipokiri kwamba hakujifunza. Ikabidi aunganishe aliyokuwa nayo, abuni ya nane yake mwenyewe, na kwa hiyo akashinda.

Hapo sebuleni niliomba filamu isimamishwe kidogo. Mwanangu alidhani nimechoka. Sikuchoka. Chuoni, Maalim alipofika katika mlango wa swala ya maiti, mimi nilikuwa nikijificha nyuma ya wenzangu, nikiona hiyo ni elimu ya wazee na wakati wake bado. Miaka ikapita. Baba alipofariki, watu waliposimama safu, niliulizwa kama nitamswalia mimi. Dua ya baada ya takbira ya tatu sikuwa nayo kifuani. Nikarudi nyuma, akatangulia mtu mwingine kumswalia baba yangu. Yule kijana wa Guangdong alibuni ya kwake. Mimi katika jambo lile sikuwa na ruhusa ya kubuni.

Basi turudi kwenye mitambo. Sipingi filamu za kale kutengenezwa. Picha zikififia na sauti zikikwaruza, ni wema kuzihudumia, na waliotangaza mpango huo walisema hadithi zenyewe zitahifadhiwa. Sisi watu wa mashairi twajua: kupangusa vumbi katika muswada wa kale ni ibada ya elimu, ila kubadili beti zake ni dhuluma. Hofu yangu ni kwamba mkono unaopangusa huzoea, ukaanza kuandika.

Na mfano tunao. Mwaka 2024 ilitoka China filamu iitwayo A Legend. Humo Jackie Chan, aliyezaliwa mwaka 1954, alirejeshewa kwa akili bandia uso wa kijana wa miaka 27, ukabandikwa juu ya kiwiliwili cha mtu mwingine. Watazamaji wengi walilalamika. Uso waliutambua, lakini hawakumwona mwenyewe.

Atasema mtu: hata mashine hukusanya iliyoyaona kwa wengine, ikaunganisha, ikatoa jipya, sawa na kijana alivyofanya kwa mlango wa nane. Hoja hiyo ni nzito na nimeifikiria sana. Jawabu langu ni kwamba kijana aliunganisha yaliyokwisha kuingia mwilini mwake kwa maumivu, mbele ya baba yake aliyekuwa karibu kuuawa. Na Jackie mwenyewe alipelekwa akiwa mtoto wa miaka saba hivi katika shule ya mchezo wa kuigiza wa Kichina huko Hong Kong, akakaa miaka kumi chini ya fimbo ya mwalimu mmoja. Unapomwona akianguka, ni yeye aliyeanguka. Mashine haikuanguka popote, wala haitaona haya ikikosea.

Elimu ya aina hiyo ina sanad, mtu kwa mtu, goti kwa goti. Ndiyo maana ninawaambia wenye filamu zile: zing'arisheni, lakini jasho liacheni lilipo. Nanyi vijana wetu, ambao leo mnaweza kuuliza simu jambo lolote ikawajibu kabla hamjameza mate, ulizeni, hapana neno. Ila mkiwa mbele ya mwalimu, msiruke mlango wa nane.

Mimi ile dua nimekwisha kuihifadhi. Nilijifunza wiki ile ile tuliyomzika Baba, kwa mzee mmoja jirani, baada ya swala ya alfajiri.