Makadamia: Zao la Soko Lililosahaulika Mezani

Juma hili katika safu yetu ya lishe tunaitazama makadamia. Zipo familia nyingi zinazoilima, zikaiuza yote, na watoto wao wakakua bila kuijua ladha yake.

Asili ya mti huu ni mashariki mwa Australia. Leo Kenya ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, hasa katika kaunti za Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru. Kwa upande wa Tanzania, hulimwa katika mikoa ya Mbeya na Kilimanjaro.

Gramu 100 za makadamia zina takriban gramu 76 za mafuta, gramu 8 za protini na zaidi ya gramu 8 za nyuzinyuzi, pamoja na vitamini B1 na madini ya manganizi na magnesi. Wingi huo wa mafuta usitutishe. Zaidi ya robo tatu yake ni ya aina ile ipatikanayo kwa wingi katika zeituni. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu maelezo kwamba gramu 42 kwa siku, ndani ya mlo wenye mafuta kidogo yanayoganda, huenda zikapunguza hatari ya maradhi ya moyo, ingawa ushahidi wake si wa kukata shauri.

Hata hivyo, kiasi ni muhimu. Kiganja kimoja, yaani gramu 30, kina kalori zipatazo 215. Basi makadamia ichukue nafasi ya maandazi au chipsi, isiwe nyongeza juu yake. Mwenye shinikizo la damu achague isiyotiwa chumvi.

Jikoni, baada ya kubanja ganda lake gumu, kaanga kokwa bila mafuta kwa moto mdogo, kwani huungua upesi. Zikitwangwa, huungwa katika kisamvu au mchicha badala ya karanga, na hapo mafuta ya kupikia yapunguzwe. Unga wake hukoleza uji, na vipande vyake hufaa kwa kashata. Zihifadhiwe katika chombo kilichofungwa vizuri, mahali pa baridi, kwa sababu mafuta yake huchacha.

Tahadhari mbili zisisahauliwe. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe kokwa nzima, asije akapaliwa. Apewe iliyosagwa laini. Na mwenye mzio wa korosho au kokwa nyinginezo asiionje kabla ya kumwona daktari.

Neno la mwisho ni kwa wakulima. Shida ya ada na haraka ya wachuuzi huwafanya baadhi yao kuangusha kokwa changa. Kokwa hizo hazijajaa mafuta, huwa ngumu, na hushusha bei ya zao zima. Njia rahisi ya kuzijua ni maji: kiini kilichokomaa na kukauka vyema huelea, kichanga huzama. Subirini kokwa zianguke zenyewe, mziokote mapema, mziambue maganda ya nje na kuzikausha kivulini. Kisha, kabla ya gunia kushonwa, tengeni kapu moja la nyumbani. Waliosaidia kuokota wana haki ya kula.