Kiongozi wa Watu Wote

Kumwita mtu kiongozi wa watu wote ni kumpa sifa kubwa, na kwa sababu ya ukubwa wake sifa hiyo haifai kutolewa kwa mkopo. Mwenye ghala akisema kuwa ghala yake imejaa mtama, mnunuzi hufungua mlango akatazama. Vivyo hivyo kiongozi akijisifu kuwa baraza lake limekusanya watu wa kila namna, mwananchi ana haki ya kufungua mlango akaona ni nani ameketi, ni nani amesimama ukutani, na ni nani hakuitwa kabisa. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, swali hilo lina jibu chungu, na wenye vyeo wengi hupenda lisiulizwe.

Wilaya hizi mbili hazina upungufu wa watu wa namna mbalimbali. Wakurya wenyewe, wanaodhaniwa na mgeni kuwa kundi moja, wamegawanyika katika koo nyingi: Wakira, Wanchari, Warenchoka, Watimbaru, Wanyabasi, Wairege, Wasweta na wengineo, kila ukoo na ardhi yake, wazee wake na mnyama wake wa heshima. Upande wa Serengeti, kuizunguka Mugumu, wako pia Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Watatoga, na wageni waliohamia kwa kilimo, biashara na kazi za hifadhi. Koo za Tarime zimepigana mara nyingi kwa sababu ya mifugo na mipaka ya mashamba. Watu wamekufa, nyumba zimechomwa moto, na serikali imelazimika kuweka Tarime na Rorya chini ya kanda maalumu ya polisi. Kwa hiyo kiongozi anayeweza kuwaketisha Wakira na Wanchari chini ya mti mmoja bila mshale kupita kati yao amefanya kazi ya heshima, na hapana mwenye akili atakayemnyima shukrani.

Lakini kosa huanza papo hapo. Kiongozi huyo akiisha kuhesabu koo, hudhani kuwa amehesabu watu. Kila ukoo huja barazani kwa sura ya wanaume wake waliotahiriwa, wenye miji na ng'ombe. Na wanaume hao wakipeana mikono, hutangazwa kuwa jamii nzima imepatana. Nusu ya jamii ilikuwa kisimani na shambani. Mapatano ya namna hiyo yana faida yake, walakini hayastahili kuitwa umoja wa watu wote. Ni umoja wa wenye viti.

Aliye nje kuliko wote ana jina lake: msagane. Ndilo jina wanaloitwa wasichana na wanawake wasiokeketwa, na aliyelisikia likitamkwa kisimani hahitaji kuelezwa kuwa ni tusi. Msagane huambiwa kuwa hataolewa. Akiolewa, wakwe na wenziwe humwona kuwa mtoto, hata awe na watoto wake mwenyewe. Wako waliovumilia masimango miaka mingi, mwisho wakajitoa kwa ngariba wakiwa wake za watu, si kwa kupenda kisu bali kwa kuchoka kutengwa. Hii ndiyo maana ya kusema kuwa ukeketaji si jambo la afya peke yake. Damu humwagika, maradhi huingia, uzazi huwa mgumu, na wengine hufa. Hayo yote ni kweli na yanajulikana. Bali juu ya hayo, kisu kimefanywa kuwa ada ya kiingilio: mwanamke hukatwa mwili wake ili ahesabiwe kuwa mtu. Kiongozi anayehubiri kuwakaribisha watu wote, naye akainyamazia ada hiyo, ni bawabu wa mlango anaodai kuuvunja.

Hesabu za serikali zinaonyesha kuwa mambo yanabadilika. Katika uchunguzi wa mwaka 2010, kiasi cha asilimia 40 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa 2015 na 2016 ulipata asilimia 32. Ule wa 2022 ulipata asilimia 28. Wapo wanaozitumia tarakimu hizi kama mto wa kulalia. Wasahau kuwa hizo ni za mkoa mzima, na katika mkoa huo wamo Wajita na Wajaluo ambao hawana desturi hii kabisa. Wasio na desturi wakichanganywa na walio nayo, hesabu hupungua bila uchungu wa msichana mmoja wa Tarime kupungua.

Wanaotetea ukimya huja na hoja ya kwanza, nayo ni mila. Husema kuwa mila ndiyo mfupa wa kabila, na mfupa haupindwi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Wakurya wenyewe hawangeipinga kwa matendo yao. Tangu zamani wana ndoa iitwayo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama. Ndoa hiyo ina dhuluma zake, maana anayeolewa mara nyingi ni binti wa maskini ambaye hakuulizwa. Walakini inathibitisha jambo moja lisilokanika: palipokuwa na haja ya kulinda jina na mali, mila ilipinda hata ikamfanya mwanamke kuwa mume. Mila iliyoweza kupinda hivyo kwa ajili ya ng'ombe, inashindwaje kupinda kwa ajili ya uhai wa binti? Tatizo si ugumu wa mfupa. Tatizo ni kuwa wenye uwezo wa kuupinda hawaoni faida.

Hoja ya pili ni ya upole, na kwa hiyo ina hatari zaidi. Husemwa kuwa watu waelimishwe polepole, na kuwa kiongozi mwenye busara hagombani na wazee. Na itazamwe kalenda. Kwa desturi ya koo nyingi, msimu wa kutahiri huja katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mwishoni mwa mwaka, shule zikiwa zimefungwa. Na wanaoufungua ni wazee wa mila wa kila ukoo, wanaoitwa inchama, baada ya kushauriana kwa siri. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2014 ulifanyika mwezi wa Desemba. Uchaguzi mkuu wa 2020 ulifanyika mwisho wa Oktoba. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 ulifanyika mwisho wa Novemba. Mara tatu, basi, katika miaka kumi, mgombea alikwenda kuomba kura kwa wazee katika majuma yale yale ambayo wazee walikuwa wakipanga siku ya kisu. Msichana wa miaka kumi na miwili hana kura; mzee wa mila ana yake na ya ukoo wake. Ukimya unaoitwa busara una bei, na bei hiyo huhesabiwa kwenye sanduku la kura.

Wala haiwezi kusemwa kuwa viongozi hawana njia ya kuwafikia wanaodhulumiwa. Nchi ya Wakurya ina sheria ya kale ya kustaajabisha: ng'ombe akiibwa, nyayo zake hufuatwa, na kijiji zinapoishia hulazimika kuonyesha zilikokwenda mbele au kulipa. Ritongo, yaani mkutano wa hadhara wa ukoo, huweza kukusanya wanaume wengi kwa muda mfupi kwa ajili ya mnyama mmoja. Lakini msichana akipelekwa usiku kwa shangazi, au akavushwa mpaka kwenda kukeketwa Kenya, ghafla hapana ajuaye kufuata nyayo. Watu wa mbali ndio walioshughulika: tangu mwaka 2015 wafanyakazi wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora ramani za vijiji na njia ambazo hazikuwa katika ramani yoyote, ili pamoja na mengine polisi na waokoaji waweze kumfikia binti aliyeomba msaada. Ni aibu gani kubwa kuliko hii, kwamba njia ya kumwendea ng'ombe imejulikana tangu enzi za mababu, na njia ya kumwendea binti ikabidi ichorwe na wageni?

Kwa bahati njema wilaya hizi zina viongozi wa namna nyingine, na wengi wao hawakuchaguliwa kwa kura. Katika kituo cha Masanga, wilayani Tarime, chini ya malezi ya Kanisa Katoliki, wasichana hupokewa msimu wa kisu unapokaribia, wakafundishwa yale mema ya unyago, wakasherehekewa na kupewa heshima ya kuwa wanawake bila ya kukatwa. Mugumu, wilayani Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa utotoni hata akakaribia kufa, ndiye aliyeisimamia, na baadaye akaanzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania. Kazi yao haiishii katika kuficha watoto. Baada ya msimu wazazi huitwa. Huzungumzwa nao, na huwekwa ahadi mbele ya maofisa kwamba binti akirudi hatakeketwa. Asiyeweza kurudi husomeshwa. Huku ndiko kukaribisha watu wote kwa maana yake kamili: aliyefukuzwa hupewa kiti kwanza, kisha aliyemfukuza naye huitwa aketi.

Sheria nayo haikosi, ingawa ina tundu. Tangu 1998 Kanuni ya Adhabu inamwadhibu anayemkeketa aliye chini ya miaka 18 aliye katika malezi yake, kwa kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo inaweza kulipwa kwa bei ya ng'ombe mmoja. Na mwanamke wa miaka 19 anayeshurutishwa na wakwe hakutajwa kabisa. Kenya, ng'ambo ya mpaka, ilitunga mwaka 2011 sheria inayomlinda mwanamke wa umri wowote. Mbunge au diwani wa Mara anayetaka kuitwa mtetezi wa wote hana haja ya kutafuta kazi mbali. Kazi imo katika kifungu hicho kimoja.

Na iko kazi nyingine ofisini na vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na katika hao wasipungue watatu wanawake. Kiti kilichowekwa na sheria ni mwanzo mwema; lakini mwanamke aliyeitwa kutimiza hesabu, akaketi nyuma na kutia sahihi yale yaliyokwisha kukatwa na wazee, hakushirikishwa, ameazimwa tu. Vivyo hivyo katika sehemu za kazi. Tangu mgodi wa North Mara ulipoanza kazi huko Nyamongo mwaka 2002, na kadiri hoteli zinavyoongezeka kandokando ya hifadhi, neno linalosikika zaidi ni kuwa wenyeji wapewe kazi. Madai ni ya haki. Lakini neno "wenyeji" lisipofunguliwa huwa mfuko wa wachache: ndugu wa mwenyekiti, ukoo ulio karibu na lango, vijana wa kiume. Mtatoga ni mwenyeji. Mjane aliyepoteza shamba ni mwenyeji. Binti wa nyumba salama aliyemaliza shule, naye hawezi kurudi kwa baba yake, ni mwenyeji. Mwajiri asiyejua kuwahesabu hawa ajifunze kuhesabu upya.

Imebaki hoja ya mwisho, kwamba haya yote ni mawazo ya kigeni. Mwaka 1944 kijana wa Kizanaki kutoka Butiama, mkoani Mara humo humo, aliandika akiwa mwanafunzi wa Makerere insha ndefu ya kutetea uhuru wa wanawake. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2009, naye mwandishi, Julius Nyerere, amekwisha kufariki miaka kumi. Wazo lililozaliwa mwendo mfupi kutoka Mugumu si la kigeni. Na mwaka 2015 wananchi wa jimbo la Tarime Mjini, katika nchi inayosemekana kuwa mwanamke hasemi mbele ya wanaume, walimchagua Esther Matiko kuwa mbunge wao. Hawakungoja ruhusa ya inchama. Watu, basi, wamekwisha kutangulia. Wanaochechemea nyuma ni wale wanaodai kuwaongoza.

Kwa hiyo sifa ya kiongozi wa watu wote isipimwe kwa wingi wa koo zilizopiga picha naye, wala kwa uzuri wa hotuba yake siku ya mahafali ya Masanga, wakati wasichana wamekwisha kuokoka bila ya yeye. Ipimwe katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwishoni mwa mwaka, wazee wanapokutana. Aliyekwenda kwao akasema waziwazi, kura zake zikiwa hatarini, kwamba msagane ni mtu mzima na kiti chake kipo barazani, huyo sifa ni yake. Aliyengoja Januari asipewe.