Sahihi ya Nauli

Karatasi ile ilikuwa na safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Ilianza kuzunguka kabla mgeni rasmi hajafika, ikipita juu ya magoti ya akina mama waliokaa mkekani chini ya mkungu, na asiyejua kuandika alipakwa wino kidoleni. Mkutano ulipokwisha kila mtu alipata soda na shilingi mia tatu za nauli, hata wale ambao mapaa ya nyumba zao yalionekana kutoka pale tulipokaa. Miezi kadhaa baadaye nilikutana tena na karatasi hiyohiyo, sasa imekuwa nakala, imebanwa nyuma ya ripoti nene ya kitaalamu, chini ya kichwa cha Kiingereza kilichosema kwamba jamii ilishauriwa na ikauunga mkono mradi. Sahihi yangu ilikuwa ya kumi na saba.

Kampuni siitaji, na kijiji pia sikitaji. Anayeishi baina ya Mtwapa na Ngomeni huenda ana karatasi yake kama hiyo mahali fulani.

Vijana wa hapa Kilifi, hasa wanaomaliza chuo, huniuliza waanzie wapi wakitaka kuingia katika harakati za tabianchi. Wanatarajia niwaelekeze kwa shirika fulani, au kwenye mafunzo ya siku tatu hotelini, au kwenye usafi wa ufuo unaoishia kwa fulana na picha. Jibu langu huwapoza: kaitafute karatasi. Kabla ya bango na kipaza sauti, kabla ya kundi lolote la WhatsApp, tafuta ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi unaokukosesha usingizi, uisome mpaka kwenye viambatisho. Kwenye viambatisho ndiko sahihi zetu zilikolazwa.

Wanaodhani hii ni kazi ya makarani watazame Lamu. Kampuni ya Amu Power ilipata kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, mwaka 2016 kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Wenyeji waliojikusanya chini ya Save Lamu walizungumzia samaki, moshi, na mji mkongwe ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Yote hayo yalikuwa na uzito. Lakini Jopo la Kitaifa la Mazingira lilipokifuta kibali hicho tarehe 26 Juni 2019, msingi mkuu wa uamuzi ulikuwa mkavu kuliko moshi: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kutambulishana tu, na tathmini yenyewe ilipokuwa tayari watu hawakupewa nafasi ya maana ya kuisoma na kuijibu. Jopo liliona pia kwamba ripoti haikuizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Malindi ikaitupa. Mtambo wa mabilioni ulikwama kwa sababu ya namna mikutano ilivyoitishwa.

Vifaa vya kazi hiyo vipo, na havihitaji mfadhili. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa watu, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, kisha afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoguswa. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu ukiomba hati. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu uende mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Huhitaji kuwa na shamba pale. Mtoto wa Ganze anaweza kuitetea bahari ya Watamu.

Kizingiti kiko kwenye lugha. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sijashika ripoti hata moja ya mradi wa mwambao huu iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu jalada hadi mwisho, sembuse Kigiriama. Mtaalamu husimama mbele ya wavuvi akamwaga maneno kama yalivyo kitabuni, chifu akayafupisha kuwa "mradi utaleta kazi," na hapo ushirikishwaji umekwisha. Kijana anayejua Kiingereza cha shuleni na Kigiriama cha nyumbani ana utajiri ambao hakuna mshauri wa Nairobi anayeweza kuununua. Kurasa kumi zilizotafsiriwa vizuri zikasomwa ufuoni wakati mashua zinarudi zina nguvu kuliko matembezi ya kilomita kumi.

Na si nadharia. Juni 2024 vijana wa Kenya waliuchukua Mswada wa Fedha, wakaufafanua kifungu kwa kifungu, wakaweka video kwa Kiswahili na lugha za makwao, na mswada ambao zamani ungepita kimyakimya ukatikisa serikali mpaka ukaondolewa. Ndani ya mswada huo kulikuwa na ada ya mazingira, iliyogusa bidhaa za kielektroniki na nepi za watoto. Vuguvugu kubwa la vijana tuliloliona miaka hii lilitupa nje kodi iliyovaa jina la mazingira, na sioni ajabu. Watu waliusoma mswada wakaona ni nani atakayelipa. Wanaharakati wa tabianchi wanaoshangaa kwa nini umma hauwafuati wangelitafakari jambo hilo kabla ya kuagiza fulana nyingine.

Uyombo ndipo mambo yanapokuwa magumu zaidi. Ni kijiji cha wavuvi karibu na mkono wa bahari wa Mida, si mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke, na shirika la serikali la nyuklia, NuPEA, lilipanga kujenga hapo kinu cha megawati 1,000. Wenyeji walipeleka malalamishi Seneti mwaka 2023, wakiungwa mkono na kituo cha Phyllis Omido, mwanamke aliyepata tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania watu wa Owino Uhuru waliolishwa sumu ya risasi. Mei 2024 walipoandamana, polisi waliwatawanya na baadhi wakaumizwa. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kwenye Ziwa Victoria. (Hakuna maandamano Kilifi yasiyomtaja Mekatilili wa Menza. Huwa tunasahau kwamba kabla ya kuwaapisha watu Kaya Fungo mwaka 1913 dhidi ya Waingereza, mama yule alizunguka kijiji baada ya kijiji akieleza, kwa lugha yao na kwa ngoma yao.)

Watu wa Uyombo niliwaunga mkono, na bado nawaunga. Lakini nadai tuwe wakweli. Kinu cha nyuklia kikifanya kazi hakitoi hewa ya ukaa kama makaa ya mawe. Anayekipinga kwa jina la tabianchi anadaiwa maelezo. Maelezo yapo. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya tayari hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hapa kwetu Langobaya kuna mitambo ya jua ya megawati 40 inayofanya kazi tangu mwaka 2021. Kwa hiyo kinu hakingekuja kuzima moshi ambao karibu haupo. Swali linalobaki ni la mahali: maji ya moto yatamwagwa wapi, taka zitalala wapi kwa vizazi, na nani atahamishwa katika kaunti ambayo maelfu wanaishi juu ya ardhi wasiyokuwa na hati zake. Hoja hizo zinatosha. Sikupenda niliposikia watu wa upande wetu wakitangaza kwamba kinu kikiwashwa tu samaki wataisha hadi Somalia. Mvuvi aliyetishwa ni rahisi kumtuliza kwa ahadi, lakini aliyeelewa atarudi na swali la pili, na afisa atalazimika kulijibu.

Miti nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayopewa picha nyingi. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa siku ya mapumziko ili tupande. Mwambaoni huwa tunapanda mkoko, kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kuokota na kuchomeka topeni, na mgeni aliyekunja suruali hupendeza kwenye picha. Ila mkoko una mahali pake, mchu una pake, mlilana una pake, na mchanga unaosukumwa na mawimbi kila kusi hauutaki hata mmoja. Rudi baada ya msimu mmoja utakuta vijiti. Gazi, kule Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 wameuza hewa ya ukaa, fedha zikaingia kwenye maji na shule. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, miradi ya ukaa ya ardhini ilitakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Angalau. Kijiji kisichousoma mkataba wake kitapewa fulana.

Kuna ugonjwa mwingine, na huu ni wetu wenyewe: kila baya ni tabianchi. Masika ikifika, maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, mtalii analalamika, na mtu redioni anasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mvua zinazokuja kwa hasira zimo, sikatai. Lakini udongo ule umeletwa na Mto Sabaki kutoka mashamba na vilima vilivyovuliwa nguo huko juu, Ukambani na zaidi. Magarini, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipofanya uchunguzi wa wazi kuhusu makampuni ya chumvi mwaka 2005, wanavijiji walieleza kufukuzwa kwenye ardhi, mikoko kukatwa na visima kuingia chumvi. Chumvi hiyo haikuletwa na barafu ya Greenland. Ilikuwa na wenyewe, wenye anwani na leseni.

Sasa linganisha na mwaka 1998. Joto la bahari lilipanda, na matumbawe ya Malindi na Watamu yakapauka na mengi yakafa, ndani ya hifadhi zilizolindwa tangu mwaka 1968, ambako mvuvi haruhusiwi kutia ndoana. Askari wa hifadhi hawezi kulikamata joto. Hapo ndipo tunapaswa kuzikabili nchi zilizochafua anga, maana mchango wa Kenya yote katika gesi za dunia haufiki hata asilimia moja. Mwanaharakati asiyetenganisha mambo haya mawili atampelekea balozi wa Ulaya malalamiko ya kisima, na mwenye kampuni atapumua.

Halafu kuna fedha, mada ambayo vijana wetu huiona chafu. Kupitia mpango wa FLLoCA, unaosaidiwa na Benki ya Dunia, kaunti hupata fedha za tabianchi kwa masharti, likiwemo la kutenga sehemu ya bajeti yake ya maendeleo na kuwa na kamati za wadi zinazochagua miradi: silanga lichimbwe wapi, bomba lipite wapi. Nimewauliza vijana walioweza kunisimulia maisha ya Greta Thunberg wanitajie mtu mmoja tu wa kamati ya wadi yao. Walitazamana. Viti vya kamati havikai vitupu. Huketiwa na shemeji wa mtu, na silanga huchimbwa karibu na boma la shemeji.

Wavuvi wa Kuruwitu hawakusubiri kamati. Katikati ya miaka ya 2000, samaki walipopungua, walikubaliana kufunga kama hekta 30 za bahari yao wenyewe na kuzifanya tengefu. Waligombana sana, kwa sababu aliyefungiwa bahari leo ndiye anayelala njaa leo, na samaki wanakuja baadaye. Nadhani waliweza kwa kuwa walioamua ndio waliokuwa na nyavu. Mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na vikundi vingine vya pwani vikaanza kuwafuata kuwauliza walivyofanya.

Mwaka jana karatasi ilizunguka tena kijijini kwetu. Mradi ulikuwa mwingine, safu zilikuwa nne zilezile. Ilipomfikia hawe mmoja wa mstari wa mbele, alikikunja kidole chake na kumwita mjukuu, msichana wa kidato cha nne.

"Hapo juu pameandikwaje?"

"Orodha ya waliohudhuria, hawe."

"Basi?"

"Basi."

"Haya, ongeza."

Msichana akaandika kwa herufi kubwa, juu kabisa, mpaka pambizoni: TUMEKUJA KUSIKIZA, HATUJAKUBALI. Hawe akapaka wino. Karatasi ikaendelea na safari yake, mkeka hadi mkeka, na safari hii ilichukua muda, maana kila iliyemfikia aliisoma kwanza, au alisomewa. Afisa alipoipokea aliitazama mara mbili, akamwinamia karani wa chifu kumuuliza kama kuna nyingine safi. Karani akafungua faili, akalifunga. Soda zikaanza kugawanywa.