Mhadhiri wa saikolojia ya elimu: tumtafute kwa vigezo gani?

Ajira ya mhadhiri mmoja wa chuo kikuu si habari ya kumsimamisha mfanyabiashara wa Kobero au mkimbizi aliyerejea Nyanza-Lac. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba nafasi ya mhadhiri wa saikolojia ya elimu katika Chuo Kikuu cha Burundi inawagusa watu hao kuliko nafasi nyingi za uwaziri.

Sababu iko wazi. Saikolojia ya elimu ni taaluma inayochunguza jinsi mtoto anavyojifunza, kwa nini mmoja anaelewa upesi na mwingine anakwama, na mwalimu afanye nini. Anayeifundisha hapa Bujumbura anawaandaa walimu na wakaguzi wa kesho. Hao ndio watakaoamua kama mwanao ni mzito wa kuelewa, au ni mgeni wa lugha tu.

Chukua mtoto aliyezaliwa Ulyankulu, Katumba au Mishamo, makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972 nchini Tanzania. Huko shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Wazazi wake waliporejea, alikuta Kirundi katika madarasa ya chini, na Kifaransa kikitawala kuanzia darasa la tano. Hesabu anaijua, swali halielewi. Mama mmoja muuza vitenge wa Buyenzi aliniambia kwamba mwanawe, aliyekuwa akishika nafasi za juu Tanzania, alirudishwa madarasa mawili nyuma. Alichekwa na watoto wadogo, na mwaka haukuisha akawa anabeba mizigo sokoni. Waliotoka kambi za Nyarugusu na Nduta walisoma mtaala wa Burundi, lakini nao wana mzigo wao wa kuhamahama na hofu.

Kosa hili lina historia ndefu. Mwaka 1905 Alfred Binet wa Ufaransa, pamoja na mwenzake Simon, alitoa kipimo cha kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Nia ilikuwa njema. Kilipofika Marekani, Henry Goddard alikitumia kuwapima wahamiaji waliokuwa wakishuka melini New York, na mwaka 1917 akachapisha matokeo yaliyowaonyesha wengi wao kuwa na upungufu wa akili. Watu wale walikuwa wamechoka kwa safari na walihojiwa kupitia wakalimani. Kipimo kizuri mikononi mwa asiyejua hali ya anayepimwa huwa rungu. Mtaalamu tunayemtafuta kazi yake ni kuwazuia walimu wetu wasilishike rungu hilo.

Kwa nini wataalamu wa aina hii ni adimu? Mauaji ya mwaka 1972 yalifagia walimu na wanafunzi wengi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilitawanya wengine, na Juni 1995 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Mutanga. Mwaka 2005 serikali ilifuta karo ya shule ya msingi, jambo la heri, na madarasa yakafurika. Lakini karo hufutwa kwa tangazo moja, na mhadhiri mwenye udaktari huchukua zaidi ya miaka kumi kumwandaa. Na akishaiva, anaondoka. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kuelezwa sababu: wanajua mshahara wa faranga una thamani gani ukipimwa kwa bei ya dola ya mtaani.

Nionavyo mimi, yapo mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, nafasi itangazwe katika kanda nzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya saikolojia ya elimu na mitaala, na Warundi wengi wamesoma Tanzania, Kenya na Uganda. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu mwaka 2010, inazungumzia kutambuana vyeti, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Ikiwa gunia la mchele linavuka Mugina kwa hati moja, shahada isikwame miaka ikisubiri ulinganifu.

Pili, mwombaji apimwe darasani. Shahada ni lazima, lakini haitoshi. Apewe mtoto aliyerejea, amchunguze kwa Kirundi na Kiswahili, kisha aieleze kamati ni nini kinamkwamisha. Wapo watakaosema kwamba chuo hufundisha kwa Kifaransa, hivyo msomi wa Dar es Salaam au Makerere hatafaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini Kiingereza nacho ni lugha rasmi tangu mwaka 2014, na Kifaransa mtu mzima anaweza kujifunza akipewa muda. Kukaa na watoto wa kambini na kuelewa kimya chao ni kazi ngumu zaidi kujifunza.

Tatu, akishaajiriwa atunzwe. Serikali haiwezi kushindana na mishahara ya mashirika ya kimataifa, lakini inaweza kumpa nyumba, muda wa utafiti na ngazi inayopanda bila kujuana. Kuajiri bila kutunza ni kuteka maji kwa pakacha.

Wakati hayo yakisubiriwa, mzazi asikae kimya. Shule ikitaka kumrudisha mwanao darasa la chini, omba apimwe hesabu kwa lugha anayoielewa kabla ya uamuzi. Uliza katika kamati ya wazazi ni nani aliyempima na kwa lugha gani. Mwalimu mwema hatakasirika kwa swali hilo. Na mwalimu asiye na jibu ndiye sababu ya chuo chetu kumhitaji mhadhiri huyu.